Mkate Bila Tanuru
Chakula chepesi cha familia katika siku za joto

Mwezi wa Septemba unapoingia, watu wa Uvira hawana haja ya kuelezwa maana ya joto. Milima ya Mitumba imesimama nyuma ya mji, ziwa Tanganyika limelala mbele yake, na katikati hewa haitikisiki. Kule Lubumbashi ni vivyo hivyo. Baridi ya Juni na Julai imekwisha kusahauliwa, mvua bado hazijafika, na mchana joto hupita digrii 30. Katika saa kama hizo ni nani apendaye kuinamia moto? Lakini jioni haikosi kuja. Watoto warudi na njaa, baba arudi kazini amechoka, na mama, aliyeshinda juani sokoni au shambani, hana budi kuwasha mbabula.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya chakula kinachofaa siku hizo: mkate mwembamba, unaopikwa juu ya kikaango kwa moto kidogo, ukaliwa pamoja na mboga, mayai, maharage au ndakala. Wengi wauita chapati. Labda utasema, «Chapati naijua, hakuna neno jipya hapo.» Subiri kidogo, msomaji. Watu wengi huijua chapati kama kitu cha sikukuu, au kitu cha kununua njiani. Wachache wameifikiri kama njia ya kupunguza moto nyumbani. Na tena, wachache zaidi wamejiuliza: moto huo tuliouokoa, tuutumie kwa kazi gani? Jambo hilo la pili ndilo kubwa, nasi tutalifikia.

MKATE UMELITANGULIA TANURU

Watu wa mijini hudhani ya kwamba mkate ni kazi ya mwokaji mwenye tanuru kubwa, na kwamba nyumba isiyo na tanuru haiwezi kuwa na mkate wake. Basi, katika Kongo yetu ni karibu mtu 1 tu kati ya 5 aliye na umeme nyumbani. Kama mkate ungehitaji tanuru la umeme, familia nyingi zingebaki kuununua siku zote, au kuukosa.

Kumbe mkate ni wa zamani kuliko tanuru hilo! Mwaka 2018 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza habari ya makombo ya mkate yaliyoungua, waliyoyakuta katika mahali paitwapo Shubayqa, kaskazini mashariki ya nchi ya Yordani. Makombo hayo yana umri wa miaka zaidi ya 14,000. Yalikuwa ya mkate mwembamba, uliopikwa na watu waliokuwa wakiwinda na kuokota mbegu za mwituni, miaka elfu kadha kabla watu hawajaanza kulima nafaka. Walikuwa na meko ya mawe tu, na meko hayo yaliwatosha.

Wanafunzi wetu wanaosoma Maandiko Matakatifu wamekwisha kuliona jambo hilo pasipo kulitia maanani. Katika kitabu cha Mwanzo, wageni watatu walipomfikia Abrahamu wakati wa hari ya mchana, yeye alimharakisha Sara atwae unga safi na kufanya mikate. Nabii Eliya, alipolala chini ya mti jangwani, aliamka akakuta mkate uliookwa juu ya makaa. Na Waisraeli walipotoka Misri walichukua unga wao kabla haujachacha. Tazama basi: katika habari zote tatu yupo mtu mwenye haraka, au mwenye safari, au mgeni mlangoni. Mkate mwembamba tangu zamani ni mkate wa mtu asiye na nafasi ya kungoja.

MATAIFA MENGI, KIKAANGO KIMOJA

Ukitazama duniani utaona kwamba mataifa mengi yamefikia hekima hiyo, kila moja kwa nafaka yake. Wahindi husukuma unga wa ngano wakaupika juu ya chuma bapa kiitwacho tava. Waethiopia huchachua uji wa nafaka ndogo iitwayo teff kwa siku mbili au tatu, kisha humimina uji huo juu ya kikaango kikubwa cha udongo, wakapata injera. Wenyeji wa Meksiko huchemsha mahindi pamoja na chokaa, huyasaga yangali mabichi, na kuufanya unga huo kuwa mikate myembamba iitwayo tortilla. Chokaa hiyo si ya bure: huufanya unga wa mahindi ushikamane, tena huongeza nguvu ya chakula mwilini.

Nao watu wa visiwa vya Karibi na wa Venezuela wana mkate wa muhogo mtupu. Huukuna muhogo, huukamua maji yake yenye sumu, kisha huutandaza juu ya bamba la moto. Mkate huo, waitao casabe, uliandikwa na UNESCO mwezi Desemba 2024 miongoni mwa urithi wa wanadamu. Sisi tunaokula muhogo kila siku tukumbuke ya kwamba mmea huo ulitoka Amerika, ukaletwa Kongo na Wareno. Mmea ulivuka bahari, lakini namna ile ya kuufanya mkate haikuja nao. Babu zetu walijitafutia njia zao wenyewe, wakapata chikwangue na ugali.

Na chapati yenyewe ilitufikiaje? Wafanya biashara Wahindi walikuwako Zanzibar na pwani tangu zamani. Kisha, kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India waliletwa kuijenga reli ya kutoka Mombasa kuelekea ziwa Viktoria. Mwaka 1914 reli nyingine, itokayo Dar es Salaam, ilifika Kigoma, na bidhaa za pwani zikapata njia nyepesi hata ukingo wa Tanganyika, mkabala na Kongo. Mahali wachuuzi walipofika, ndipo vyakula vyao navyo vilipofika. Leo mtoto wa Uvira, wa Bukavu au wa Kindu aiona chapati kuwa chakula cha kwao, na ana haki kusema hivyo.

KWA NINI WEMBAMBA HUOKOA MOTO

Wanafunzi watapenda kujua sababu. Mkate mnene hupata joto kutoka nje, nalo joto hulazimika kusafiri pole pole hata katikati. Wataalamu watufundisha kwamba unene wa kitu ukiongezwa mara 2, muda wa joto kufika katikati huongezeka mara 4. Kwa hiyo mkate mkubwa wa duara hukaa tanuruni dakika 30 au 40, na kabla ya hapo tanuru lenyewe, kuta zake zote, limekwisha kupashwa moto hata digrii 200 au zaidi. Chapati yenye unene wa milimita 2 au 3 yaiva kwa dakika 2 au 3, na kitu cha kupashwa moto ni kikaango kimoja tu.

Sababu ya pili ni mvuke. Maji yaliyomo katika donge, yakiguswa na kikaango chenye moto mkali, hugeuka mvuke mara moja. Mvuke watafuta njia ya kutoka, hauipati, basi huinua tabaka za chapati. Ndiyo maana chapati huvimba. Kazi ambayo katika mkate wa mwokaji hufanywa na chachu kwa saa nyingi, hapa hufanywa na mvuke kwa nukta chache.

Sababu ya tatu ni mapumziko. Ndani ya ngano mna kitu chenye kunata kiitwacho gluteni. Ukiikanda, gluteni hujikaza kama mpira. Ukiisukuma wakati huo, chapati yajirudia na kuwa nene. Ukiiacha ipumzike nusu saa, hulegea, nayo chapati itatandaa vizuri pasipo kutumia nguvu. Nusu saa hiyo haigharimu hata kaa moja. Wapishi wengi huikimbia kwa haraka, kisha hulaumu unga.

NAMNA YA KUKANDA

Kwa familia ya watu sita, twaa unga wa ngano gramu 500, yaani vikombe 4, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vya mezani, na maji ya vuguvugu kikombe 1 na robo. Changanya unga na chumvi, tia mafuta, usugue kwa vidole hata unga uwe kama mchanga wenye unyevu. Mimina maji kidogo kidogo, maana unga mmoja hunywa maji kuliko mwingine. Kanda dakika 10. Donge likiwa laini kama ndewe la sikio, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, uliache nusu saa.

Hapo pana faida kwa mwanafunzi. Kama yeye ndiye aliyeukanda unga, na aende akafanye masomo yake wakati donge linapopumzika. Moto bado haujawashwa, wala hakuna anayemwita jikoni. Kazi hii si ya wasichana peke yao. Mvulana mwenye mikono yenye nguvu hukanda vizuri kuliko dada yake mdogo, na baba asione haya kuisukuma chapati ya watoto wake.

Nusu saa ikiisha, gawanya donge vipande 8. Sukuma kila kipande kiwe duara, kipake mafuta kidogo sana, kikunje kama mkeka, kisha kizungushe kama konokono. Viache vipumzike tena dakika 10, na wakati huo ndipo uwashe makaa. Sukuma kila konokono awe mwembamba. Kikaango kiwe kikavu na chenye moto kweli. Weka chapati, ikianza kutoa malengelenge, baada ya dakika moja hivi, igeuze. Upande wa pili ukiwa na madoa ya kahawia, paka mafuta kidogo, geuza tena, bonyeza kingo. Iondoe, uiweke ndani ya kitambaa safi na kuifunika, ili mvuke wake mwenyewe uilainishe. Kwa robo tatu ya saa, au chini yake, chapati zote 8 zimekwisha.

Unga wa ngano una bei, na sehemu kubwa ya ngano tunayoila hutoka ng'ambo. Mwaka 2022, vita vilipozuka katika Ukrania, bei ya ngano ilipanda duniani kote, kwa kuwa Urusi na Ukrania pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote iuzwayo kati ya mataifa. Basi mama mwenye busara aweza kuchanganya: gramu 400 za ngano na gramu 100 za unga wa muhogo. Usizidishe sana, maana muhogo hauna gluteni, na chapati itapasuka. Na muhogo mchungu uwe umelowekwa siku tatu au zaidi, ukaanikwa barabara. Muhogo uliotayarishwa kwa haraka ndio uletao konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 katika nchi ya Kwango. Hapa haraka haina baraka kabisa.

Kwa wale wasiotaka kukanda, iko chapati ya maji. Koroga gramu 250 za unga, yai 1, chumvi kidogo na maji vikombe 2 pungufu, hata uwe uji mwepesi usio na madonge. Acha robo saa. Paka kikaango mafuta, mimina upawa mmoja, ukizungushe kikaango ili uji utandae. Mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kuijua kwa siku moja.

VYAKULA VITATU VYA SIKU ZA JOTO

Cha kwanza ni cha mchana: chapati na maharage. Loweka maharage usiku kucha, uyamwage maji yale, na asubuhi na mapema, hewa ingali baridi, uyachemshe barabara hata yalainike. Kisha funika makaa kwa majivu, uache sufuria juu yake yenye kifuniko. Maharage yatabaki na moto mpaka saa ya kula. Chapati zaweza kupikwa asubuhi hiyo hiyo, makaa yangali makali. Hivyo saa sita mama hana sababu ya kuwasha moto tena. Pembeni weka kachumbari ya nyanya, kitunguu na ndimu.

Cha pili ni cha jioni: chapati na yai. Piga mayai mawili pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba sana. Kaanga yatandae kikaangoni, na kabla hayajakauka juu, weka chapati, ibonyeze ishikane, geuza, kisha ikunje kama mkeka. Vijana wa Uganda huuza chakula hicho kando ya barabara, nao hukiita rolex. Mtu asidhani ni jina la saa ya mkononi; limetoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa. Yai liive kabisa, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito.

Cha tatu ni kwa watu wa maziwa: chapati, ndakala na avoka. Ndakala wakavu waondolewe vichwa, wamiminiwe maji ya moto, waoshwe mchanga, kisha wakaangwe na kitunguu na pilipili kidogo. Ponda avoka pamoja na ndimu na chumvi. Ndimu hiyo yazuia avoka kuwa nyeusi. Paka avoka juu ya chapati, nyunyiza ndakala, kunja, ule. Watu wa Bukavu na Goma watatumia sambaza. Jambo la kupendeza ni hili: sambaza si mzaliwa wa ziwa Kivu. Alitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akapandwa Kivu, akazaana, na leo ni chakula cha watu wengi sana. Samaki hao wadogo huliwa pamoja na mifupa yao, kwa hiyo huwapa watoto chokaa ya kujenga mifupa na meno.

Vyakula hivi vitatu havishindani na ugali na sombe. Sombe hutaka kupondwa na kuchemshwa muda mrefu, na mtu asithubutu kuupunguza moto wake, maana majani ya muhogo nayo yana sumu ambayo ni lazima iishe. Sombe iwe ya siku yenye nafasi na hewa ya baridi. Siku ya joto na haraka iwe ya chapati.

TAHADHARI YA MBOGA MBICHI

Sasa twafika kwenye jambo zito. Chakula chepesi cha siku za joto mara nyingi kina kitu kibichi ndani yake: nyanya, kitunguu, kabichi, avoka. Na kitu kibichi hubeba uchafu wa maji kilichooshwa nayo. Uvira ni mji unaojua kipindupindu. Ugonjwa huo hurudi huko mara kwa mara. Wazee wa Goma nao hawajausahau mwezi wa Julai 1994, wakimbizi walipojaa mjini na kandokando, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika majuma machache.

Kwa hiyo mama anayepunguza moto kwa kuacha kupika mboga, kisha akaziosha kwa maji ya ziwa au ya mfereji, ameokoa makaa na kuhatarisha watoto. Hiyo si akiba. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukanda. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto, kwa maana vijidudu huzaana upesi sana katika chakula cha vuguvugu. Kiliwe kingali moto, au kipashwe tena hata kitoe mvuke kote. Chapati kavu haina shida hiyo, hukaa hata kesho yake. Lakini maharage na mayai hayangoji.

MOTO ULIOBAKI UCHEMSHE MAJI

Hapo ndipo jibu la lile swali letu la kwanza lilipo. Ukipika chapati badala ya chakula cha saa tatu, mbabula hubaki na makaa yenye nguvu. Watu wengi huyaacha yafe bure, huku mama akipumzika. Usifanye hivyo! Chapati ya mwisho ikiondoka kikaangoni, sufuria ya maji iingie mahali pake. Maji yachemke sawasawa, yakitoa mapovu makubwa, dakika moja au zaidi. Yafunike, yaache yapoe katika chombo hicho hicho, kisha yatie katika mtungi au dumu lenye mdomo mwembamba, ili mtu asichovye kikombe ndani. Hayo ndiyo maji ya kunywa ya kesho, na ya kuoshea nyanya za kesho. Familia nyingi husema, «Hatuchemshi maji kwa sababu makaa ni ghali.» Ni kweli, makaa ni ghali. Basi hapa pana makaa yaliyokwisha kulipiwa.

Na hayo makaa, ambayo wengi kwetu huyaita makala, hayalipiwi kwa fedha tu. Mengi ya makaa yaliyochomwa Goma yametoka katika misitu ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, mahali ambapo sheria yakataza kukata miti. Walinzi wengi wamekufa wakiilinda. Mwaka 2007 gorila wa mlimani waliuawa humo, na biashara ya makaa ilitajwa miongoni mwa sababu. Mama anayenunua gunia sokoni hakumwua mtu wala mnyama. Yeye atafuta chakula cha watoto wake. Lakini kila kopo la makaa lisilochomwa ni tawi lililobaki mtini.

Moshi nao una deni lake. Shirika la Afya la Dunia linakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wachanga na wadogo zaidi ya 237,000. Makaa yana hatari nyingine: hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kumwua mtu aliyelala. Kwa hiyo mbabula ikae nje, au penye upenyo mkubwa wa hewa, wala isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata usiku wa mvua. Chapati, kwa kuwa haihitaji kukaa karibu na moto zaidi ya robo tatu ya saa, yaweza kupikwa uani, kwenye kivuli cha mwembe, hewa ikipita.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Twawaomba sasa wazazi na wanafunzi wafanye jaribio dogo. Twaeni kopo moja la kupimia makaa. Kwa juma moja pikeni kama mlivyozoea, na kila siku mwanafunzi aandike katika daftari makopo mangapi yametumika, na je, siku hiyo maji ya kunywa yalichemshwa au la. Juma la pili pikeni chapati katika siku tatu za joto kali, mkifuata taratibu tulizozieleza, na kila jioni ya chapati chemsheni maji kwa makaa yaliyobaki. Mwanafunzi aandike tena kwa uaminifu, asiongeze wala asipunguze.

Jumapili ya pili, baada ya chakula, baba na alisome daftari hilo mbele ya wote. Linganisheni makopo ya juma la kwanza na ya juma la pili. Kisha hesabuni siku ambazo mtungi ulikuwa na maji yaliyochemshwa, na mtoto yupi hakuharisha. Baada ya hapo familia itaamua yenyewe, juu ya hesabu yake yenyewe, chapati iwe na siku ngapi katika juma mpaka mvua zitakapoanza kunyesha.